Mtoto wa wiki 5 anacheua kila akinyonya na usiku halali: tufanyeje?

BabaChumbageni

Assalaam aleykum, na habari za jioni kwa wote. Tuko Tanga mjini. Mtoto ni wa kiume, ana wiki 5. Kazaliwa na kilo 3.1, siku ya 7 alikuwa na 3.0, juzi kliniki kapimwa 3.9. Ananyonya titi tu. Kila akinyonya anacheua, mara maziwa kama yalivyoingia, mara yameganda kama mtindi na yana harufu ya uchachu. Nepi za mkojo ni 7 au 8 kwa siku.

Shida ni usiku. Akilazwa chali, haziishi dakika 10 anajinyonganyonga, anakunja miguu, analia. Akibebwa wima kifuani ananyamaza. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri mama yake hapati hata saa moja ya usingizi mfululizo.

Mama mkwe anasema ni chango, tumpe maji ya mvuje na tumwinulie kichwa kwa mto. Jirani anasema nusu kijiko cha piritoni. Dukani tumetajiwa dawa ya kupunguza asidi. Tushike lipi? Na je, tumlaze kifudifudi, maana akiwa kifuani kwetu analala vizuri?

Mkunga_Ngamiani

Waaleykum salaam, hongereni kwa mtoto, na mpe pole mama yake.

Nianze na kadi ya kliniki kwa sababu ndiyo inayosema kweli. Kutoka siku ya 7 mpaka sasa ameongeza gramu 900 katika siku 28, yaani kama gramu 32 kwa siku. Mtoto wa umri huu anatarajiwa kuongeza 20 hadi 30. Ukijumlisha na nepi 7 au 8, maziwa ya kutosha yanabaki tumboni hata kama macho yanaona yote yametoka. Fanya hivi: mwaga kijiko kimoja cha chai cha maji juu ya kanga kavu, utazame doa linavyotanda. Kijiko hicho ni mililita 5 tu. Mengi mnayoyafuta begani ni kiasi hicho au viwili vyake.

Anacheua kwa sababu msuli unaobana mlango kati ya umio (njia ya chakula) na tumbo bado mlegevu, chakula chake chote ni maji, na muda mwingi amelala. Kuganda na uchachu ni kazi ya asidi ya tumbo, si dalili kwamba maziwa ya mama ni mabaya. Mkae mkijua kwamba kucheua kunaweza kuzidi hadi kama miezi 4 kabla hakujapungua. Akitimiza mwaka, watoto tisa kati ya kumi wanakuwa wameacha.

Kifudifudi, hapana. Chali, usiku na mchana, hata kwa anayecheua. Watu wengi huogopa kwamba akiwa chali atapaliwa, lakini maumbile yako upande wenu: mtoto akilala chali, njia ya hewa iko juu na umio uko chini yake, kwa hiyo maziwa yakirudi yanabaki chini na anayameza. Mgeuze kifudifudi, umio unakuwa juu na maziwa yanaweza kumiminika kuelekea njia ya hewa. Ubavu nao haufai, anabiringika. Kifuani kwenu analala vizuri kwa sababu mko macho na mnamshika. Godoro halimshiki.

Mto ni hatari nyingine. Shingo inakunjika, kidevu kinagusa kifua, pumzi inabanwa. Kiuno kinateleza kwenda chini, tumbo linajikunja na kucheua kunazidi. Kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani nako hakujaonyesha faida kwa watoto wachanga. Godoro gumu, bapa, shuka moja iliyobana, chandarua kimechomekwa vizuri, basi.

Kazi ya kweli iko kwenye kunyonya na nusu saa inayofuata.

Tazameni anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi kabisa, kidevu kigande kwenye titi, mdomo wa chini umegeuka nje, na sehemu nyeusi ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mkisikia mlio wa "ta, ta" kila anapovuta, anameza hewa. Ile hewa ikipanda, inapanda na maziwa. Mama aingize kidole kidogo kisafi pembeni ya mdomo, amtoe, aanze upya. Asivute chuchu kwa nguvu.

Mbeulisheni akiachia titi mwenyewe, msimkatishe akiwa anameza kwa utulivu. Mkalishe pajani, mwili umeegemea mbele kidogo, taya lake likae katikati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole visiguse koo. Mkono wa pili upande taratibu kutoka kiunoni hadi mabegani. Kupigapiga mgongo kwa nguvu hakuna maana. Dakika 5 zikipita hajabeua, acheni, si kila mara kuna hewa.

Kisha abaki wima dakika 20 hadi 30 kifuani kwa mtu aliye macho, mgongo umenyooka. Kumweka kwenye kiti cha mtoto si kuwa wima, pale amejikunja kama ndizi na tumbo limebanwa.

Nepi ibadilishwe kabla ya kunyonya. Ikibidi baadaye, mgeuzeni ubavu mumfute, msiinue miguu kuelekea tumboni. Kumkanda kwa mafuta ya nazi na kumnyoosha viungo ni kabla ya kunyonya, kamwe si baada. Na kama kuna kitambaa amefungwa tumboni ili kitovu kisitokeze, kitoeni leo. Kinabana tumbo na kusukuma maziwa juu.

DawaNaAfya_Raskazone

Mkunga amemaliza mambo ya kulaza, mimi niseme ya chupa.

Piritoni: msithubutu. Ni dawa ya mzio, usingizi ni madhara yake pembeni, na mtoto wa wiki 5 anaweza kulala hadi pumzi ikapungua bila ninyi kujua. "Nusu kijiko" chenyewe hakina kipimo, vijiko vya nyumbani vinatofautiana sana.

Dawa ya asidi: inapunguza uchungu wa kinachopanda, haizuii kupanda. Mtoto atacheua vilevile. Asidi hiyo pia ni ulinzi wake dhidi ya vijidudu, na watoto wanaoipata bila sababu huonekana kuugua zaidi tumbo na kifua. Ina nafasi yake kwa mtoto asiyeongezeka uzito au anayekataa titi kwa maumivu, na hapo daktari ndiye anayepima dozi kwa uzito. Mtoto wenu hayuko huko.

Maji ya kutuliza tumbo yanayouzwa madukani: mengine yana sukari, mengine magadi, na yako yaliyowahi kutengenezwa na kileo. Yanajaza tumbo dogo ambalo lilipaswa kupata maziwa. Hadi miezi 6 ni titi tu, pamoja na dawa au chanjo alizoandikiwa. Uji mwepesi wa kumfanya "ashibe alale" nao haufai.

Mvuje nauweka peke yake, kwa sababu najua ulivyo na heshima Pwani nzima. Kumnywesha mtoto mchanga hapana. Imeshawahi kuripotiwa kitabibu mtoto wa umri wa huyu wenu aliyepewa mvuje, damu yake ikashindwa kubeba oksijeni vizuri, akageuka rangi. Kama bibi anataka harufu yake iwepo chumbani, iwepo, ila usifungwe kwa uzi shingoni wala mkononi mwa mtoto. Udi na ubani visifukizwe chumba anacholala, na sigara isiwashwe ndani ya nyumba kabisa.

Mwambieni bibi kwa upole, na mpeni ile nusu saa ya kumshika wima. Hakuna dawa dukani inayoizidi.

Nesi_Wodi_ya_Watoto

Naongeza haya kwa sababu ni mvulana na ana wiki 5. Kati ya wiki ya 2 na ya 8 kuna ugonjwa wa msuli wa mlango wa chini wa tumbo kunenepa na kuziba njia, na wavulana huupata zaidi. Tofauti yake na kucheua inaonekana kwa macho: maziwa hayachuruziki kwenye kidevu, yanaruka mbali kwa nguvu, karibu kila mlo, siku hadi siku yanazidi, na mtoto akimaliza kutapika anataka titi tena kwa njaa. Uzito unasimama, nepi zinakauka. Hiyo inatibiwa kwa upasuaji, na mtoto anapona.

Hospitali siku hiyohiyo, iwe Bombo au kituo kilicho karibu, mkiona lolote kati ya haya: matapishi ya kijani, damu au kitu kama masalia ya kahawa, damu kwenye choo, tumbo limejaa na kukaza, nepi za mkojo chini ya 6 kwa saa 24, utosi umebonyea au umevimba, amelegea, amekataa kunyonya, degedege, joto la kwapani 37.5 au zaidi, au kifua kinachobonyea ndani akivuta pumzi. Pumzi hesabuni kwa dakika nzima ya saa, mtoto akiwa ametulia. 60 au zaidi, rudieni kuhesabu, ikiwa ileile, ondokeni. Msisubiri asubuhi kwa sababu ni usiku.

BabaChumbageni

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Kitambaa cha tumboni kweli kipo, tumekitoa. Mama mtoto anasema maziwa yake yanatoka kwa kasi, mtoto anapaliwa mwanzoni na kuachia titi, mengine yanaruka hadi kwenye nguo. Halafu usiku anaguna na kujinyoosha macho yamefumba, ndipo tunamwinua. Na joto hili, tumvishe nini?

Mkunga_Ngamiani

Hapo ndipo penye ufunguo. Maziwa yakija kwa kasi anameza kwa pupa, anameza na hewa, tumbo linajaa haraka kuliko linavyoweza kubeba. Mama aegemee nyuma kwenye mito, nusu kulala, mtoto awe juu yake tumbo kwa tumbo, ili maziwa yapande badala ya kumwagikia kooni. Ule mruko wa kwanza auachie kwenye kitambaa, sekunde 30 hadi dakika moja, kisha amrudishe. Amalize titi moja kabla ya kupewa la pili, na akitosheka na moja, la pili lianze mlo unaofuata. Likijaa na kuuma, akamue kidogo tu apate nafuu. Akikamua hadi liishe, mwili utatengeneza zaidi.

Kuguna: mtoto mchanga hupita katika usingizi mwepesi, anakunja uso, anajinyoosha, anaguna, hata kulia kidogo, na bado amelala. Mkimwinua hapo mnamwamsha ninyi. Simama kando ya chandarua uhesabu dakika moja au mbili. Macho yakifunguka na akigeuza kichwa kutafuta titi, mchukue. Akitulia, rudi ukalale.

Joto: kipindi cha kaskazi nepi na fulana nyepesi inatosha, bila blanketi, bila kofia ndani ya nyumba. Gusa nyuma ya shingo. Ikiwa na jasho, mpunguzie nguo. Feni izungushe hewa chumbani, isimpige yeye usoni.

Mnaweza kuugawa usiku hivi. Mama anyonyeshe saa tatu hivi, akimaliza alale palepale. Wewe baba umbeulishe, ukae naye wima nusu saa, umlaze: matako kwanza, mgongo, kichwa mwisho, mkono ubaki kifuani kwake kidogo. Akiamka saa tano au sita na hana njaa, ni wako. Akitafuta titi, mpelekee mama kitandani, kisha umchukue tena. Saa tisa bibi au mwingine ashike zamu. Mama akipata saa 3 mfululizo, ni usiku mzuri. Mwanga uwe hafifu, msizungumze sana, na mchana afunguliwe madirisha ili aanze kutofautisha. Kujua usiku na mchana huja kati ya miezi 2 na 3.

Anayemshika wima asikae kwenye kochi akiwa na usingizi. Mtu akisinzia pale, mtoto anateleza kwenye kona ya mto na kukosa hewa. Ukihisi kichwa kinainama, simama, au mlaze mtoto chali mahali pake hata kama nusu saa haijatimia.