Daftari la miruko limepotea: nianze tena karatasi, nihamie simu, au nitegemee altimita?

MrukaDiani
Salaam ndugu zangu. Nimeshuka basi Mombasa, begi dogo likabaki juu ya kiti. Wiki ya pili hii nafuatilia, hola. Ndani mlikuwa na daftari langu, miruko 187 ya parachuti, tangu ule wa kwanza wa mafunzo hadi wa machweo tuliotua mchangani Diani. Nina leseni B ya USPA, chama cha waruka parachuti cha Marekani. Ilibaki miruko 13 nifike 200 nianze wingsuti, ile suti yenye mabawa, na bila 200 kanuni zao haziruhusu. Sasa nani ataniamini kwa mdomo mtupu? Nijenge upya kwenye karatasi, nihamie programu ya simu, au kumbukumbu za altimita, kile kifaa cha mkononi kinachopima urefu angani, zinatosha?

BintiLikoni
Pole sana kaka. Langu liliroa mvua, wino wote ukayeyuka, kwa hiyo uchungu wako naujua.

Anza na palipo imara. Leseni B haitolewi chini ya miruko 50, basi hiyo 50 tayari ina shahidi. Waandikie USPA wakuthibitishie namba na tarehe. Inabaki 137. Hiyo kaitafute kila kiwanja ulichorukia, maana ndege haipai bila kuandikwa nani yumo. Mie nilikaa na karani kutwa nzima tunapekua mafaili, yeye anasoma tarehe, mie nanakili.

Lakini tafadhali usikae ukabuni mistari. Ukurasa wa kwanza wa daftari jipya niliandika: "Daftari la awali limeharibika. Miruko iliyothibitishwa: 96." Mwalimu wangu akatia saini na namba ya leseni yake. Kichwani nilikuwa na 104. Ile minane iliniuma, ila nikaanzia 97.

KakaWaDubai
Mimi niko huku Dubai, mwaka wa tatu natumia simu tu. Tukishatua, mwenzangu anasaini kwa kidole, kila kitu kinapanda mtandaoni. Simu ikiibiwa leo, kesho nafungua kwenye nyingine. Kwa usalama, karatasi haifui dafu.

Mambo mawili tu. Ukisafiri, uliza mapema kama kiwanja unachokwenda kinakubali saini za simu. Na uchague programu inayokutolea nakala ya PDF, uitoe kila mwezi. Waliotengeneza programu wakiacha kuihudumia, kumbukumbu zako zitakwama humo humo.

FundiKamba
Wanangu, altimita nisemee mimi. Inajua umetoka futi ngapi, umefungua wapi, kasi gani, sekunde ngapi. Haijui mkono wa nani umeivaa. Imewahi kuletwa mezani kwangu ya kuazimana, ndani mna miruko ya watu watatu. Kwa hiyo yenyewe peke yake si ushahidi.

Ila ukiiweka kando ya orodha ya ndege, inasaidia sana. Kutoka futi 12,000 hadi kufungua 4,000 ni sekunde 48 hivi ukiwa umelala tumbo. Orodha ikisema uliruka siku ile, altimita ikaonyesha sekunde hizo tarehe ile ile, mwalimu atasaini bila kusita. Video za kamera ya kofia nazo zina tarehe, zitoe.

Halafu kadi ya parachuti ya akiba, ile anayosaini fundi akishaifunga, ilikuwemo begini? Hiyo ni historia ya parachuti, si yako. Kama imepotea, usiruke kabla hujaonana na fundi aliyeifunga.

MrukaDiani
Kadi ipo, Mzee, inakaa kwenye mfuko wake mgongoni. Ahsante kwa kuuliza.

BintiLikoni
Kaka wa Dubai, sikupingi, lakini karatasi siiachi. Mwalimu wangu aliniandikia pembeni ya mruko wa 12, "Magoti pamoja!", kapigia mistari miwili. Kidole kwenye kioo hakinipi hilo. Ninachofanya: kabla sijakunja parachuti ya mwisho ya siku, napiga picha ukurasa, naituma kwenye barua pepe yangu na kwa dada yangu. Nusu dakika, bila gharama.

KakaWaDubai
Hapo umenishinda, dada. Karatasi yenye picha naikubali.

MrukaDiani
Mrejesho. Hadi sasa nimethibitisha 171, ikiwemo ile 50 ya leseni. Kiwanja kimoja bado hakijajibu. Daftari jipya nimenunua, Jumamosi nalipeleka Diani, mwalimu amekubali kusaini ukurasa wa kwanza kwa idadi itakayokuwepo siku hiyo. Na ule mruko wa machweo karani ameupata: ndege ya mwisho ya siku, jina langu la nne kutoka juu.