Tunahamia akruali, lakini hoja za ukaguzi ni zilezile. Tatizo liko wapi?

Mhasibu_Chipukizi
Habari zenu wakuu. Niko kwenye uhasibu wa serikali, sina miaka mingi kazini, na kuna kitu kinanisumbua naomba wenye uzoefu mnisaidie. Kila nikisoma kuhusu mageuzi ya fedha za umma kwenye nchi zinazoendelea naona dawa ni ileile: toka kwenye msingi wa fedha taslimu (unaandika pesa inapoingia au kutoka tu) nenda akruali (unaandika mapato na deni pale yanapotokea hata kama pesa haijatembea), fuata viwango vya IPSAS, yaani viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, weka sistimu moja ya malipo nchi nzima, funga akaunti za benki za kila idara pesa yote iwe kwenye akaunti jumuifu ya hazina. Sawa, kwenye vitabu nimeelewa. Ila ukifungua ripoti za wakaguzi wakuu kwenye nchi nyingi zilizopita njia hiyo bado unakuta masurufu (pesa aliyopewa mtumishi mapema kwa kazi au safari) hayajarejeshwa, malipo hayana viambatisho, usuluhishi wa benki, yani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, haujafanyika, mali haziko kwenye rejista, yani yaleyale ya enzi za daftari. Sasa je, tulianzia pasipo sahihi au ni suala la muda tu?

Mzee_wa_Leja
Umeuliza jambo la maana kijana wangu. Mwaka 1998 mtaalam mmoja, Allen Schick, aliandika kwamba nchi nyingi zinazoendelea zisijaribu kuiga mageuzi ya New Zealand, na wakati ule New Zealand ndo ilikuwa inasifiwa kila kona, walitunga sheria yao ya fedha za umma 1989, wakaingia akruali, mameneja wakaachiwa uhuru wa kutumia mradi walete matokeo. Hoja yake ni kwamba wenzetu kule walishazoea kuheshimu mikataba na kanuni kabla ya kuanza, kwahiyo ukilegeza kamba mtu hakimbii na pesa. Pale ambapo kanuni zipo kwenye karatasi tu na kazi inaenda kwa kujuana, simamisha kwanza udhibiti wa kawaida wa pesa inayoingia na kutoka.

Mimi nakubaliana naye kwa kiasi kikubwa. Akruali ina makadirio mengi, uchakavu, thamani ya barabara na majengo, madeni yasiyo na uhakika wa kulipwa, na kila kadirio linahitaji mtu mwenye ujuzi wa kulifanya na mkaguzi mwenye ujuzi wa kulipinga. Ofisi ambayo usuluhishi wa benki umelala nusu mwaka ukiiambia ikadirie uchakavu wa daraja itakuandikia namba yoyote, na hiyo namba itaingia kwenye hesabu za taifa.

Bi_Mizania
Shikamoo mzee, nakuheshimu sana ila hapo kwenye kusubiri naomba tutofautiane. Fedha taslimu ina ubaya mmoja mkubwa, inaficha madeni! Idara imepokea dawa, mkandarasi kamaliza barabara, ankara zimekaa mezani, mwaka wa fedha unafungwa na vitabu vinaonyesha matumizi yako ndani ya bajeti kabisa kwa sababu pesa haijatoka. Bunge linapitisha bajeti mpya halijui kuwa sehemu yake imeshaliwa. Mkandarasi naye anaendesha kazi kwa mkopo wa benki, riba inapanda, tenda ijayo anaongeza bei kufidia ucheleweshaji, na wale wadogo wasio na mtaji wanakufa kibiashara. Haya si mambo ya wahasibu peke yao, ni mishahara ya vibarua.

Halafu si lazima iwe yote kwa mpigo. Kuna IPSAS ya msingi wa fedha taslimu tangu 2003 na yenyewe inahimiza utoe taarifa za madeni pembeni, na IPSAS 33 inampa anayeanza akruali hadi miaka mitatu ya kukamilisha mali na madeni ambayo hayajakaa sawa. Ningeanza na wadai, yani wale wanaotudai, majengo na madaraja yatafuata.

Fundi_wa_Mfumo
Naongezea upande wa sistimu maana watu wanaiamini kupita kiasi. Malawi 2013, ile kashfa iliyoitwa Cashgate, sistimu ya kisasa ilikuwepo na ilikuwa inafanya kazi, lakini watu walipitisha malipo kwa kampuni ambazo hazikupeleka kitu chochote serikalini kisha wakafuta miamala kwenye sistimu isionekane. Zaidi ya dola milioni 30 kwa miezi michache, wahisani wakasitisha misaada ya bajeti, na aliyeumia ni mgonjwa wa hospitali ya umma. Kama mtu mmoja ana paswedi ya kuandaa malipo, na ya bosi wa kuidhinisha anayo kwa sababu bosi amesafiri, na hakuna anayelinganisha sistimu na taarifa ya benki, hiyo sistimu inamrahisishia mwizi kazi. Muamala uliofutwa kwenye sistimu bado uko benki jamani, ndo maana usuluhishi ni muhimu hivyo.

Mhasibu_Chipukizi
Asanteni sana, nimejifunza. Sasa mimi wa ngazi ya chini, sipangi sera, nianzie wapi?

Mzee_wa_Leja
Bi Mizania amenigusa kwenye wadai, nakubali hilo lisisubiri. Kijana, anza na rejista ya ankara, kila ankara ikiingia andika tarehe iliyopokelewa, siyo tarehe ya kulipa, mwisho wa mwezi unampa afisa masuuli (mkuu anayewajibika kwa pesa za taasisi) orodha ya wanaotudai na umri wa kila deni. Hapo umeshafanya nusu ya akruali bila sistimu mpya. Usuluhishi ufanyike kila mwezi na usainiwe na mtu ambaye hakuandaa malipo.

Bi_Mizania
Na LPO, ile oda rasmi ya manunuzi, isitoke kabla kasma (fungu la bajeti) haijaguswa, pesa itengwe kwanza ndo oda itoke. Malimbikizo mengi yanazaliwa hapo, mtu anaagiza kwa barua au kwa simu halafu anakuletea ankara mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha. Hata sistimu ikiwa nzuri vipi haiwezi kuzuia oda ambayo haikuiona.

Fundi_wa_Mfumo
Na bosi akisafiri akaimishe mtu kwa barua, mfumo umfungulie huyo paswedi yake mwenyewe. Usipokee ya kwake hata akikulazimisha, maana muamala ukija kuhojiwa jina litakaloonekana ni lake na aliyebonyeza ni wewe.