Kijana ninayemsimamia anatoka kituoni, anataka aje kukaa kwangu. Nimjibu nini?

FundiBaridi (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum jamani. Naomba ushauri wa watu wazima, na wa vijana mliopitia mambo haya.

Mie ni fundi wa mafriji na viyoyozi, nakaa Mwanakwerekwe. Kuna nyumba ya kulelea watoto iliomba watu wa kujitolea wawe karibu na vijana wanaokaribia kutoka, nikapewa kijana mmoja. Jumamosi tunaonana. Nakwenda naye kazini, tunakula, na namuonesha mambo ambayo kituoni hayaonekani kwa sababu kila kitu kinafanywa kwa wote: kununua unga wa mtu mmoja, kuzungumza na mwenye nyumba, kwenda kwa sheha kutaka barua. Kijana hodari, umeme anaujua, mkono wake mwepesi. Karibu atatimiza 18 na itambidi aondoke.

Kituo wanasema ami yake amepatikana, yuko Konde. Hajamuona tangu mdogo na Pemba hataki kwenda. Rafiki zake wanafanya kazi hotelini Nungwi, wanamwita. Sasa juzi tuko juu ya dari ya watu tunafunga bomba, akaniuliza huku anatazama kwengine: "Fundi, nikija kukaa kwako itakuwaje?"

Nina mabinti watatu, mkubwa yuko kidato cha tatu. Mke wangu anampenda yule mtoto na chakula humuwekea, lakini kwenye kulala kasema hapana. Bado sijamjibu kijana. Nikikataa ataniona sawasawa na wote waliomuacha. Nikikubali nimeivuruga nyumba yangu.

MpwaWaMalindi

Mpe chumba sheikh. Mtoto hana baba hana mama, utamwambia nini Mola wako? Kama ndani hapatoshi jenga kibanda uani.

BintFuoni

@MpwaWaMalindi uani ndipo mabinti wanapofua na kukoga, kaka yangu. Rahisi kusema.

Kaka Fundi, mie nimekulia kituoni. Leo nina mume na watoto, alhamdulillah. Swali hilo hilo nilimuuliza bibi mmoja aliyekuwa akija kujitolea, akanijibu "tutaona". Nikaishi na hiyo "tutaona". Chumba sitafuti, kozi siendi, nangoja yeye aone. Angenambia hapana siku ile ile ningelia usiku mmoja, asubuhi nikaamka na mambo yangu. Kwa hiyo mjibu Jumamosi hii hii. Na mpe sababu ya kweli, ya mabinti, usimsingizie mkeo wala ufinyu wa nyumba. Mtoto aliyesoma chuo cha Qur'ani hilo analielewa kuliko unavyodhani. Mwambie mkiwa mmekaa, si juu ya dari.

Ukishasema hapana, hapo hapo mtajie unayoyaweza, na uyataje kwa majina yake. Chakula cha Ijumaa kwenu. Idd kwenu. Akilazwa, namba inayopigwa ni yako. Hiyo Idd usiidharau hata kidogo. Kituoni siku ya sikukuu wafadhili wanajaa, nguo, pilau, picha. Ukishatoka, umevaa, umeswali, watu wanapeana mikono wanakwenda makwao, wewe unarudi chumbani kuvua nguo. Watu wanadhani shida yetu ilikuwa chakula.

Jengine. Mwenye nyumba atamuuliza kwao wapi, sheha atamuuliza kwao wapi. Akitaka kuoa, wazee wa kule watauliza nani anakuja kuposa. Mie nilikuwa sina walii, kadhi akaniozesha, na ndoa imeswihi. Lakini mume wangu alikuja na gari zima la wazee, na upande wangu alikaa mama mlezi peke yake. Mwambie kijana, "Posa yako nitaipeleka mie." Halafu uipeleke kweli.

MpwaWaMalindi

Dada nimekusikia, kibanda nakifuta. Ila mwacheni aende Nungwi basi, kijana mkubwa huyo.

MzeeWaUstawi

Nimefanya kazi za ustawi wa jamii mpaka nikastaafu. Nitasema machache.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Ndiyo maana siku ile inakuwa nzito. Lakini mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa malezi mbadala, wa mwaka 2009, unataka kijana atayarishwe mapema na afuatiliwe baada ya kutoka. Kwa hiyo una haki ya kuwauliza kituo: mpango wake uko wapi, umeandikwa? Nani atamtembelea, na lini?

Karatasi zake zitafutwe wakati bado yumo. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli na vya mafunzo ya amali, karatasi za hospitali kama anazo. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi akishughulikie katika shehia ya kituo, ambako sheha anamjua. Akishahamia Nungwi ataanza kujieleza upya kwa mtu asiyemfahamu. Nimeona vijana wamekosa kazi nzuri, na mikono wanayo, kwa kukosa karatasi tu.

Na fedha. Aya ya sita ya Suratun Nisaa inawataka walezi wawajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali zao. Mjaribu. Ukienda naye kazini mlipe ujira wake, umwache aharibu akiwa bado anakula kituoni. Kuombwaombwa ukikubali sasa, hutapumua.

La mwisho: muulizeni kituo kama baba yake aliacha chochote. Mirathi ya Waislamu inashughulikiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kuuliza si kugombana.

Mkonde

Mzee wangu, kwa heshima, kuuliza kwa wakati gani? Mie ni mtu wa Konde. Ami akimuona mtoto wa marehemu kaka yake anashuka garini na fundi wa mjini na bahasha ya karatasi, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni mikarafuu. Atajua mmekuja kudai. Na huenda ndiyo sababu miaka yote hii hakumtafuta, huenda pia siyo, sisi hatujui.

Fundi, mpelekeni kwanza kutembea. Kituo watume salamu, afisa ustawi wa huku ajue. Mpande meli mpaka Mkoani, mje zenu Konde, mlale siku mbili, azuru kaburi la baba yake, aonane na shangazi zake na watoto wenzake. Asije na mizigo. Mizigo inamwambia kuwa keshatupwa. Mirathi iwe safari nyengine, na aiulize akiwa keshajulikana kwa sura.

MzeeWaUstawi

Sawa, kijana wangu. Ila isiwe safari ya miaka kumi mbele. Mikarafuu hainyamazi, kila msimu kuna anayeichuma.

MpwaWaMalindi

Mie Nungwi nimefanya kazi, niseme ninachokijua. Hoteli nyengine zinakupa kazi na pa kulala. Ikifika masika wageni wanapungua, watu wanapunguzwa, na siku ya kupunguzwa kitanda nacho kinakwenda. Sisi tulirudi kwa mama. Huyu atarudi wapi? Akienda, awe na chumba chake, hata cha kushirikiana na wenzake, au asubiri apate fedha ya kodi ya miezi ya mwanzo.

Mghaibuni

Niko Uingereza. Huku England kijana aliyetoka kwenye malezi ya serikali ana haki ya mshauri anayelipwa na halmashauri mpaka afike miaka 25, sheria ya 2017 ndiyo iliyofikisha hapo. Wa kujitolea kama wewe ni mtu mwengine, mbali na huyo, na kabla ya kuanza anachunguzwa na kufundishwa mipaka. Nakutajia ili ujue kuwa unabeba kazi ya watu wawili. Ukichoka usijilaumu, ila usipotee kimya kimya. Tafuta na mwenzako mmoja wa kusaidiana.

FundiBaridi

Nimesoma zote, na mke wangu nimemsomea. Kwa dada wa Fuoni alinyamaza kidogo, kisha akasema Idd hii kijana ashonewe kanzu pamoja na yangu. Jumamosi nitamjibu. Kituo nitawaomba huo mpango na karatasi. Kazi za masika ninazo, viyoyozi watu hutengeneza hoteli zikiwa tupu, kwa hiyo huenda akafanya na mie kwanza kabla ya Nungwi.

@Mkonde, akikubali kuja, wewe unamjua huyo ami?

Mkonde

Konde si kubwa kiasi hicho. Nitumie jina la baba yake faragha, usiliweke hapa. Nitauliza msikitini kwa upole.