MJADALA: Kazi ni wito, ama ni njia ya kutulipa kidogo?

Wadau, niko hapa Kisumu, tujadiliane hii kitu bila matusi. Kila walimu ama manesi wakigoma lazima mtu asimame kanisani ama kwa redio aseme hiyo kazi ni wito, msikimbilie pesa. Sasa mbona mbunge haambiwi ubunge ni wito? Wale walimu intani (wa mafunzo) wa JSS, yaani sekondari ya chini, gredi ya 7 hadi 9, waliogoma 2024 walikuwa kwa 20,000 kwa mwezi na hapo makato bado, mtu ako na digrii, alipe renti Manyatta, nauli, atumie mamake ya unga, halafu unamwambia atosheke na roho safi. Mwaka huo huo madaktari wakagoma siku 56, moja ya sababu ni madaktari intani, mkataba wa 2017 ulisema kama 206,000 kwa mwezi na serikali ikaleta 70,000. Wakaitwa walafi. Mi naona hivi, mwalimu anaipenda kazi yake, na mwajiri amejua anaipenda, amejua hataacha watoto wa gredi ya 9 hivi hivi, so anamfinya hapo hapo.

WA NAIVASHA: Mimi napaki maua, sina wito wowote na rozi hehe. Valentine ikikaribia ni ovataimu hadi miguu inafura, maua yanaenda Uholanzi kwa watu wenye wanapendana. Ukiniuliza naishi kwa nini nitakwambia mtoto wangu, chama yetu ya akiba na kwaya. Kazi inipe pesa tu, hayo mengine nitajitafutia. Nyinyi wenye mmesoma ndio mnataka kazi iwapende.

WA WEBUYE: Unaongea hivyo dada sababu uko na kazi. Huku PanPaper, kiwanda cha karatasi, ilifungwa 2009, hapo Mumias nayo benki ikaweka mtu wake kusimamia kiwanda cha sukari 2019 sababu ya madeni. Nimeona wanaume walikuwa wanajua mashine kuliko wenye waliileta, sasa mtu anaamka saa kumi na moja kwa mazoea, anavaa, anakaa nje. Kuna wenye watoto wao wanawatumia pesa kila mwezi, chakula iko, na bado wameisha. Kwaya haikusaidia hao.

MWENYE MADA: Mzee wa Webuye hapo umenigusa, na nakubali kazi si pesa peke yake. Lakini si hao walilipwa? Walijenga, wakasomesha, mtu akipita na ovaroli watu wanajua huyu ako sawa. Fundi hodari mwenye watoto wamefukuzwa karo, hiyo heshima huko Webuye ingekaa wiki ngapi? Ndio maana hii maneno ya wito inaniudhi, inachukua kitu ya kweli, ile yenye umeeleza, inaigeuza iwe diskaunti ya mwajiri. Na wa Naivasha, hata wewe siku utapanda uwe supavaiza utaanza kuambiwa kampuni ni familia, ungoje tu.

Mi nasema mwenye ataleta wito kwa meza ya mazungumzo aanze na karatasi yake ya mshahara. Kama kuna nesi wa Kakamega ama Busia hapa aseme: ulishawahi kuongezwa pesa sababu una moyo?