Intaneti ipo, leseni ya Windows inagoma: 0x80072EFD

mama_kopi_busia
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi Busia, upande wa Uganda. Kompyuta ni ya mtumba, ilitoka Kampala na Windows ya kuchakachua. Ule ujumbe wa "Activate Windows" kona ya chini ulinichosha mbele ya wateja, nikanunua leseni halali. Naingiza namba, inazunguka weee, mwisho 0x80072EFD, eti seva haifikiki. Na YouTube inacheza! Nimebadilisha laini za simu, hata ya Kenya maana hapa inashika. Wapi. Aliyeniuzia anasema mtandao wetu mbovu. Shule zinaleta mitihani ya kuchapa, na bando linakwisha.

fundi_arua
Angalia tarehe. Betri ya CR2032, ile ndogo ya ndani inayotunza saa, ikifa, umeme ukikatika saa inarudi miaka nyuma, na mashine inavikataa vyeti vya usalama vya seva.

mama_kopi_busia
Tarehe ni ya leo, saa ni ya Kampala.

kijana_wa_kasese
Na ingekosea, YouTube nayo ingelalamika. Dada, una VPN humo, programu ya kupitisha intaneti kwa njia ya pembeni? Facebook imefungwa kwetu tangu Januari 2021, kwa hiyo sijashika kompyuta ya duka isiyo na VPN, na nyingine zina mbili zinazogombana. Izime. Kisha fungua cmd, dirisha la kuandika amri, kwa haki za msimamizi. Uangalie kama kuna proksi, yaani seva ya kati ya kupitishia intaneti:

netsh winhttp show proxy

Ikitoa anwani yoyote, ifute kwa `netsh winhttp reset proxy`. Kivinjari na huduma za Windows si lazima zipite njia moja. Ndiyo maana video inaenda huku leseni imekwama.

Ila mimi nashuku kingine. Ingekuwa 0x80072EE7, jina la seva halikupatikana. Yako ni EFD: jina limepatikana, muunganisho umeshindikana. Waliochakachua hupenda kuigeuza anwani ya seva ya leseni ili mashine ijipigie yenyewe. Fungua Notepad kwa haki za msimamizi, tazama faili hili, ambalo Windows hulisoma kwanza kujua anwani ya seva:

C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts

mama_kopi_busia
Proksi hakuna. Lakini hilo faili, yallah! Kuna mistari ya 127.0.0.1, mmoja umeandikwa activation.sls.microsoft.com. Ndiyo hiyo? Nifute?

kijana_wa_kasese
Ndiyo, 127.0.0.1 ni kompyuta yenyewe. Futa huo na wenzake wote wa microsoft. Iliyoanza na # iache, ni maelezo tu. Hifadhi, andika kwenye cmd `ipconfig /flushdns` isahau anwani za zamani, halafu `slmgr /ato` ijaribu leseni tena.

mama_kopi_busia
Imekubali!! Ujumbe wa kona umeondoka. Mungu akubariki kaka. Huyo wa "mtandao wenu mbovu" nampigia sasa hivi.

fundi_arua
Kabla hujampigia, zima uwashe, ufungue faili lile tena. Mistari ikiwa imerudi, kuna kijiprogramu cha wachakachuaji kinaiandika kila kompyuta inapowaka. Hapo usihangaike kukitafuta: nakili kazi za wateja kwenye flashi, weka Windows upya, uingize namba yako hiyohiyo.