Tupeane uzoefu: uliyewahi kubadilisha mlalo wa siti ya dereva, ulipona kiuno au ulijiongezea matatizo?

Mwana wa Kihesa
Wakuu, habari za jioni. Juzi nilitoka Dar saa kumi alfajiri, nikaingia Iringa mchana. Kilomita kama 500. Nilipozima gari nje kwa mama nikashindwa kushuka. Mguu wa kulia ulikuwa na ganzi kuanzia kalio hadi kisigino, nikabaki nimeshika mlango mpaka mama akatoka ndani kuuliza kulikoni.

Nina futi sita na inchi moja. Siti ya gari yangu inasogea mbele na nyuma, mgongo wake unalala na kuinuka, basi. Kalio la siti limelala bapa, kwa hiyo mapaja yangu yananing'inia hewani na uzito wote unakaa kwenye makalio. Nilipofika Mikumi nilikunja taulo nikalisukumiza chini ya mapaja, na hadi Ruaha Mbuyuni nikawa mtu mwingine. Ndipo nikajua shida si sponji, shida ni mlalo.

Fundi wa jirani anasema ataweka washa, vile vipete vya chuma, chini ya miguu miwili ya mbele ya siti penye bolti, siti inyanyue pua, elfu kumi, dakika ishirini. Kabla sijampa funguo naomba waliopitia hili waseme. Ilisaidia?

Mpiga Tanga
Ilisaidia. Mwaka wa tatu huu. Washa mbili mbili kila upande, Dar hadi Tanga nashuka nikiwa mzima.

Dada wa Mbezi
Mimi nina shida ya kinyume chako kaka. Ni mfupi, na siti ilikuwa imenyanyua pua tangu gari inatoka Japani. Ukingo wa siti ulikuwa unanikata nyuma ya magoti, miguu inavimba, foleni ya Kimara nafika nyumbani viatu havivuliki. Nikaweka mto. Mto ukanipandisha, nikaona barabara vizuri, lakini kila nikishika breki ya ghafla mto unateleza mbele na mimi juu yake. Siku moja pale Ubungo mwendesha bodaboda aliniingilia, nikakanyaga breki, nikajikuta mkanda wa kiunoni umepanda hadi tumboni. Ningegonga kitu siku ile sijui tumbo langu lingekuwaje. Mto niliutoa siku hiyo hiyo.

Kijana wa Spana
Toa waleti mfuko wa nyuma kwanza. Nusu ya wenye ganzi ya mguu mmoja humu mnakalia waleti.

Mwana wa Kihesa
Waleti huwa naiweka pale kwenye gia, mkuu. Lakini asante.

Mzee wa Masafa
Waleti ni kweli kabisa, msiidharau. Nimeendesha malori kwenda Tunduma miaka kumi na tisa. Vijana wengi wanaolalamika kiuno wamelaza mgongo wa siti kama wako ufukweni, mikono imenyooka, shingo imetangulia mbele. Mgongo wa siti uinue, uachie kidogo tu kupita wima. Kaa makalio yamegusa nyuma kabisa. Nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kikae kwenye duara la juu bila bega kuachia siti. Kanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Hayo yote ni bure na hayataki fundi. Na kila saa mbili simama, shuka, tembea. Hakuna siti duniani inayomtunza mtu aliyekaa saa tisa bila kushuka.

Mpiga Tanga
Mzee nakuheshimu, lakini jamaa kasema paja linaning'inia. Mgongo wa siti hauwezi kunyanyua paja.

Mzee wa Masafa
Nimesema aanze na hayo. Sijasema aishie hapo.

Baba Nasra
Nimesoma kichwa cha uzi huu nikaiweka simu chini. Nimeichukua tena kwa sababu kuna mtu anakaribia kutoa funguo.

Mimi nilifanya hicho hicho. Washa tano kila upande wa mbele, bolti zile zile zilizokuja na gari. Fundi alizifunga kwa nguvu, nikazijaribu kwa mkono, hazikutikisika. Wiki sita niliishi raha. Kiuno kilitulia, nikampelekea fundi wateja wawili.

Wiki ya saba nikaanza kusikia mlio mdogo, tik, kila ninapoondoka kwenye taa. Nikadhani ni plastiki. Mke wangu alisema, "Baba Nasra, siti yako inalia." Nikamwambia ni kava.

Ilikuwa safari ya kwenda Njombe msibani. Mke yuko mbele, Nasra wa miaka saba nyuma yangu. Tulianza kupanda Kitonga tukiwa kwenye msururu, lori mbele, lori nyuma, mwendo wa kinyonga. Mnaijua ile barabara: ukuta wa mwamba upande mmoja, upande wa pili unaona vilele vya miti. Msururu ukafunguka kidogo mbele, nikakanyaga mafuta nisogee. Nikasikia paa! Siti ikaenda nyuma. Haikulala mgongo, wakuu, ilinyanyuka yenyewe kutoka sakafuni, bolti ya mbele ya ndani imechomoka, siti imejipinda, na mimi nimelala chali naangalia dari.

Kitu cha kwanza mtu anachofanya akianguka ni kushika. Nilishika usukani. Nikauvuta. Gari ikaenda kulia, upande wa wanaoshuka. Mguu wangu ulikuwa juu hewani, naitafuta breki kwa kisigino, siipati. Nasra akapiga kelele kwa sababu siti ilimbana magoti. Mke wangu, ambaye hajawahi kuendesha gari maishani mwake, akavuta handibreki kwa mikono miwili. Gari ikasimama imekaa kimshazari kwenye mstari wa katikati. Lori la nyuma lilisimama, nasikia mpaka leo ule mlio wa breki za upepo. Utingo wake akaruka na jiwe, akalikita nyuma ya tairi letu kabla hata hajauliza kitu. Yule kijana simjui jina, namwombea kila siku.

Upande wa juu hakukuwa na gari inayoshuka. Dakika moja baadaye likapita basi.

Bolti niliikuta chini ya zulia. Meno matatu ya mwisho yalikuwa yamelika kama gunzi la hindi. Matatu tu ndiyo yaliyokuwa yameshika kwenye nati, mengine yote yalimezwa na washa. Nasra alichubuka goti, basi. Lakini hadi leo akikaa nyuma yangu anauliza, "Baba, umefunga siti?"

Dada wa Mbezi
Mungu ni mwema. Pole sana shemeji. Huyo mkeo mpe zawadi.

Mpiga Tanga
Pole mkuu. Nimeishiwa nguvu.

Tairi Upara
Pole, ila tuseme ukweli. Kitonga ulikuwa unakanyaga mafuta unasogea wapi? Ulitaka kuovateki.

Baba Nasra
Sikuovateki. Nilisogea kuziba nafasi kwenye msururu wangu. Mwendo haukufika 30.

Tairi Upara
Sawa, lakini pia ulisikia mlio ukapuuza.

Baba Nasra
Hilo ni kweli, na nimeliandika mwenyewe hapo juu ili mwingine asipuuze.

Dada wa Mbezi
Tairi Upara, mtu katoka kusimulia mtoto alivyobanwa na siti wewe unatafuta pa kumkamata. Acha.

Fundi wa Tabata
Ngoja niseme kiufundi maana kazi yangu ni hii. Unapopanda mlima au unapoongeza mafuta, mwili unasukuma mgongo wa siti, siti inataka kupinduka nyuma, na bolti za mbele ndizo zinazovutwa juu. Ndiyo maana ya Baba Nasra iliachia Kitonga. Ukishika breki ni kinyume chake, za nyuma ndizo zinazovutwa. Na kwenye gari nyingi kile kifungo cha kuchomekea mkanda kimefungwa kwenye siti yenyewe, kwa hiyo ukigonga, bolti hizo hizo zinashikilia siti pamoja na wewe.

Sasa washa. Gari nyingi za Toyota zinazoingia kwetu, bolti ya siti ni spana 14, unene wake milimita 10, meno ya 1.25, yaani jino hadi jino ni milimita 1.25. Sheria yangu: bolti ya 10 iingie kwenye nati milimita 10 au zaidi. Ukiweka washa za sentimita moja, unataka bolti ndefu zaidi kwa sentimita moja. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanakwenda duka la bolti, wanapewa ya meno ya 1.5 kwa sababu ndiyo imejaa, wanailazimisha kwa spana ndefu, nati ya sakafuni inakufa. Angalia kichwa cha bolti yako kina namba gani ya nguvu ya chuma, ya mpya isiwe na nguvu chini ya hapo. Na usirundike washa nyembamba tano, kata kipande kimoja cha chuma kizima.

Na jueni hesabu yake. Kati ya bolti za mbele na za nyuma kuna kama sentimita 40. Kuinua mbele sentimita moja kunakupa digrii moja na nusu hivi. Ni kidogo ukisikia, ila paja linaisikia. Ukiona fundi anataka kuinua sentimita nne, kimbia.

Kijana wa Spana
Mimi nilichomelea chuma bapa kwenye reli kabisa. Haitoki milele.

Fundi wa Tabata
Umechomelea reli? Reli ya siti ina ugumu wake, moto unauua. Na umechomelea ukiwa umetoa betri? Siti ina soketi ya njano chini?

Kijana wa Spana
Gari ni ya zamani, haina soketi ya njano. Na inabeba mtu wa kilo 110 kila siku.

Fundi wa Tabata
Kubeba kilo 110 gari ikitembea si sawa na kuzibeba ikigonga. Usimshauri mwenzio.

Kijana wa Spana
Kila mtu na gari yake.

Mpiga Tanga
Soketi ya njano ni nini?

Fundi wa Tabata
Waya za mfuko wa hewa ulioko ubavuni mwa siti. Ukifungua siti ya namna hiyo, toa kwanza terminal ya betri, subiri dakika kadhaa, ndipo uguse soketi. Mimi nasubiri tano. Na siti ya namna hiyo usiivalishe kava lililoziba ubavu wote.

Mkaazi wa Ruwi
Salamu kutoka Muscat. Mimi naendesha hadi Salalah, kilomita kama 1,000, jangwa tupu na barabara imenyooka, mguu hauna hata kona ya kuamkia. Fundi wa huku alikataa katakata kugusa bolti. Akanipeleka kwa mshona siti, akafungua kitambaa, akaongeza kipande cha sponji ngumu ya kabari chini ya mapaja, nene mbele, nyembamba nyuma, akashona tena. Haionekani. Chuma hakikuguswa. Ndugu yangu wa Kihesa, kwa nini usifanye hivi?

Mzee wa Masafa
Huyu kasema jambo.

Mpiga Tanga
Sponji inabonyea baada ya miezi mitatu, unarudi kule kule.

Mkaazi wa Ruwi
Yangu ina mwaka na nusu. Inategemea sponji gani. Hii aliikata kutoka siti nyingine ya gari, si ya godoro.

Nyanya wa Likoni
Huku Mombasa pia wapo hao washona viti, wengine kando ya barabara tu. Mimi kiti changu walinirekebishia hivyo na maumivu ya nyonga yakaondoka. Lakini mwanangu, hiyo ganzi mpaka kisigino muone daktari pia. Mume wangu alisema ni kiti, kumbe ni diski ya mgongo.

Dada wa Mbezi
Shangazi umenena. Ganzi ikibaki hata siku usiyoendesha, hiyo si siti.

Mwana wa Kihesa
Nimewasoma wote, asanteni mno. Ganzi huisha nikilala, ila nitaonana na daktari kabla ya kurudi Dar. Elfu kumi ya fundi wa jirani nimeighairi. Kesho natafuta mshona siti hapa mjini, taulo limenionyesha kimo ninachotaka: likikunjwa mara tatu.

Baba Nasra, mama yangu nimemsomea simulizi yako. Kanyamaza, kisha akauliza jina la mkeo ili amtaje kwenye sala.

Mpiga Tanga
Wakuu, nimetoka nje sasa hivi na tochi, nikasukuma siti nyuma, nikavua zile plastiki za mbele. Bolti ya kushoto imekaza. Ya kulia nimeizungusha kwa vidole.

Fundi wa Tabata
Usiiwashe hiyo gari. Kesho asubuhi toa washa zote, nitumie picha ya meno ya bolti, ndipo uirudishe kama ilivyokuwa.