Kinyama kinaelekea kwenye mboni ya jicho: nifanye operesheni au nisubiri?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kupitia hili au madaktari wa macho mliomo humu.

Nina kinyama kwenye jicho la kulia, upande wa puani. Kina umbo la pembetatu, kina vimishipa vyekundu, na ncha yake imeshaingia kidogo kwenye kile kioo cha mbele ya jicho. Hakiumi. Ila nikikaa kwenye upepo au vumbi jicho linawaka, linakuwa jekundu, nahisi kama kuna mchanga ndani. Watu wanadhani sijalala.

Daktari kasema ni pterijiamu, si saratani, na kwamba jua na vumbi ndivyo vinavyochangia. Kanipa machozi ya bandia na kuniambia nivae miwani ya jua yenye kinga ya UV na kofia pana. Operesheni, anasema, ni pale kinapokaribia mboni au kuvuta kioo hadi uoni upotoke.

Hofu yangu ni kwamba nasikia kikikatwa hurudi, tena kwa kasi. Daktari anasema wakipandikiza ngozi laini ya jicho lenyewe mahali kilipotoka, uwezekano wa kurudi unapungua sana. Aliyefanyiwa hivyo, jicho lilichukua muda gani kutulia? Uoni ulibadilika?

Dawa za kienyeji za kudondoshea machoni sitaki, naomba tusifike huko. Na matone yenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu) bila daktari pia hapana, yanaweza kupandisha presha ya jicho.